Papa Gloire na Mkutano wa Jumanne

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa nyumba yake, Cubaka hukunja kiganja cha mkono wa kulia, hukiweka mbele ya mdomo, hupumua ndani yake na kukinusa. Hufanya hivyo akiwa amekwisha kuvaa koti la kazi na kushika mfuko wa chakula. Akiridhika, hutoka. Hajanywa pombe tangu Oktoba ya mwaka juzi, na anajua kwamba kiganja hakitanuka chochote isipokuwa sabuni na chai. Dirisha la jikoni kwetu linatazama mlango wake, na pazia lake ni fupi, kwa hiyo nimemwona akifanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Hapa Newburg, katika haya majengo ya matofali mekundu tunakoishi Wakongo wengi wa Louisville, hakuna anayemwita Cubaka. Anaitwa Papa Gloire, kwa jina la mtoto wake wa pekee. Alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, akawa seremala, akakimbia vita akiwa na mke na mtoto mchanga, akakaa kambini Uganda miaka mingi, kisha mwaka 2014 wakaletwa hapa wote watatu. Mkewe, mama Cibalonza, alikufa kwa ugonjwa wa figo kabla hawajamaliza miaka miwili. Gloire alikuwa na miaka kumi na mitano.

Pombe ilianza hapo. Ilianza na bia moja baada ya kazi, ya kumsaidia kulala, na kwa muda mrefu kila mtu aliona ni jambo la kawaida kwa mwanamume aliyefiwa. Baadaye hazikuwa bia tena. Gloire alijifunza kumpigia simu msimamizi wa ghala na kusema kwa Kiingereza kizuri kwamba baba yake ana homa. Alijifunza kumvua baba yake viatu. Jioni alikuja kwetu na madaftari yake, akakaa mezani pamoja nami, na tukasoma bila kuzungumza, kwa sababu mimi si mzungumzaji na yeye hakutaka kuulizwa kitu. Alipofika miaka ishirini alihamia Ohio, akapata kazi ya kutunza wazee Westerville, kaskazini ya Columbus. Siku anaondoka alimwambia baba yake mlangoni, "Papa, siku nitaolewa, usikuje umelewa." Papa Gloire anasema hiyo ndiyo sentensi nzima ya mwisho aliyoisikia kutoka kwa binti yake kwa miaka miwili. Zilizofuata zilikuwa "ndiyo," "hapana" na "niko kazini."

Oktoba ile msimamizi mpya wa ghala alimkaribia, akamnusa, akamrudisha nyumbani. Hakufukuzwa. Alipewa karatasi yenye orodha ya mikutano ya watu wanaojaribu kuacha pombe, na akaambiwa arudi kazini baada ya kuhudhuria. Siku iliyofuata alikuja nayo maktaba ninakofanya kazi. Alisubiri mpaka watu wakaisha mbele ya meza yangu, kisha akaiweka chini kifudifudi, kama mtu anayetoa picha asiyotaka wengine waione.

"Mademoiselle," alisema. Ananiita hivyo tangu nilipomaliza chuo. "Nisomee tu adresi. Mengine usisome."

Nilimsomea anwani. Lilikuwa kanisa, dakika kumi kwa gari kutoka kwetu. Alishukuru, akaikunja karatasi, akaondoka. Na kwa kuwa nilikuwa nimekatazwa kusoma mengine, sikuyasoma.

Wiki tatu baadaye alirudi amekasirika.

"Wale watu wananichezea," alisema. "Nimeenda mara tatu. Batu bazuri, kahawa iko, mikate iko. Tunaimba, tunasimama, tunakaa. Lakini mpaka leo hakuna mwenye alishasema hata neno moja juu ya pombe."

"Unaenda siku gani, Papa Gloire?"

"Dimanche. Kanisa watu wanaenda siku gani?"

Nilimwomba karatasi. Iliandikwa wazi: Jumanne, saa kumi na mbili jioni, mlango wa nyuma, chumba cha chini. Jumapili tatu mfululizo Papa Gloire, Mkatoliki wa Walungu, alikuwa amesali ibada nzima ya watu asiowajua, akiamini kwamba nyimbo zile zote ni maandalizi na habari ya pombe itafika tu. Alinitazama, kisha akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi ya mkewe. "Na niliweka hata sadaka," alisema.

Alikuwa amefikisha wiki tatu bila kunywa kabla hajaufikia mkutano wenyewe. Alitaka kwenda kwao akiwa msafi, alisema, kama mtu anayeoga kabla ya kwenda kwa daktari.

Jumanne iliyofuata tulikwenda pamoja, kwa sababu Kiingereza chake ni cha ghalani, cha maboksi na namba na ishara za mikono. Mama yangu alikubali kwa sharti kwamba nirudi kabla ya chakula. Katika chumba kile cha chini kulikuwa na viti vya kukunjwa vilivyopangwa duara, birika kubwa la kahawa, na watu kumi na wawili hivi. Aliyetufungulia ni mzee mmoja Mmarekani aliyewahi kuendesha malori, jina lake Dale. Aliuliza wenzake kama mkalimani anaruhusiwa. Wakakubali, wakanieleza masharti: kinachosemwa humu kinabaki humu, na mimi si mwanachama, kwa hiyo sina neno langu. Masharti hayo hayakunipa shida. Nilikaa nyuma kidogo ya bega lake nikawa namnong'oneza.

Kila mmoja alitaja jina lake la kwanza na kusema yeye ni mlevi. Sekunde tano, basi. Ilipofika zamu yake, Papa Gloire alisimama, akafunga kifungo cha koti, akataja jina lake lote, akataja la baba yake na la babu yake, kilima alikozaliwa, parokia aliyobatizwa, jina la mkewe, siku aliyokufa, na jina la mtoto wake. Kwetu mtu akijitambulisha mbele ya wageni hufanya hivyo, vinginevyo utadhaniwa unaficha kitu. Niliyatafsiri yote. Wale watu walimsikiliza bila kutazama saa. Alipomaliza alibaki amesimama, kana kwamba amesahau alichosimamia, kisha akasema, "Na mi ni mlevi," akakaa haraka.

"Hi, Cubaka," wakasema wote kwa pamoja, na yeye akageuka kuniuliza kama hilo ndilo jibu lao lote.

Hakukosa Jumanne hata moja baada ya hapo. Wanatoa sarafu nyepesi za rangi, ya mwezi mmoja, ya miezi mitatu, ya sita, ya tisa, na ile ya mwaka ambayo ni ya shaba. Alikuwa na mpango mmoja tu, nao aliusema mbele ya duara lile: atafika mwaka, atachukua ile ya shaba, ataendesha gari mpaka Westerville, ataiweka mkononi mwa binti yake, na hatasema kitu. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika habari hizi, aliniuliza kama Gloire atazisoma. Nilimwambia sijui. "Andika," alisema. "Na ile ya chumba cha chini pia, andika."

Lakini mwaka haukungoja. Mwezi wa tano Gloire alipiga simu kusema kijana anayeitwa Paluku, Mnande wa Butembo anayeishi Reynoldsburg, mashariki ya Columbus, anataka kuleta watu wake. Mahari walikuwa wamekwisha kuelewana kwa simu. Sherehe ingefanyika Louisville, kwa baba, Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Papa Gloire alikuja kutuambia akiwa na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu, na siku tatu baadaye uso huo ulikuwa umekwisha, kwa sababu alikuwa amekumbuka kibuyu.

Katika ukoo wao, mahari yakishapokewa, binti huleta kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, chenye mrija. Anapiga magoti mbele ya baba yake. Baba akivuta, amekubali, na binti anakipeleka kwa wakwe. Baba akikiweka chini, amekataa, na wageni wanachukua vitu vyao. Hakuna hotuba inayoweza kuchukua nafasi ya kuvuta huko. Papa Gloire mwenyewe alipewa Cibalonza kwa namna hiyo.

Anayesimamia mambo ya ukoo Marekani ni mdogo wake, Bagula, anayeishi Buffalo na kufanya kazi katika kiwanda cha vyakula. Ni mtu wa sauti kubwa na moyo mwema. Papa Gloire alimpigia simu nikiwa kwake nikimjazia fomu za kodi ya nyumba, na kwa kuwa aliweka simu mezani, nilisikia yote.

"Kaka," Bagula alisema, "nasikia umeokoka."

"Sijaokoka. Nimeacha pombe."

"Bon, ni mamoja."

"Si mamoja. Sikiliza, Bagula. Kile kibuyu usitie kasiksi. Tia maji ya ndizi tu. Juisi."

"Lakini kasiksi si pombe, kaka. Kasiksi ni ndizi."

"Ni ndizi yenye imelala siku tatu."

"Na mi nikilala siku tatu naamka nani? Si naamka Bagula?"

Papa Gloire hakucheka. Alisema polepole kwamba amemaliza miezi saba, kwamba kwake pombe haina kidogo wala kikubwa, kwamba hata dawa ya kifua anasoma chupa kwanza. Bagula akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, "Sawa, kaka. Nimeelewa. Juisi." Papa Gloire alikata simu, akaniambia, "Amekubali." Katika mkutano wa Jumanne ile Dale alimshauri aieleze familia yote mapema, wageni na wenyeji, ili asibaki peke yake na jambo hilo. Papa Gloire alitikisa kichwa. Wakwe wakijua kwamba wanaoa kwa mlevi, wataanza kuhesabu kasoro za binti. Mdogo wake anajua, inatosha.

Wageni walifika kwa magari matatu kutoka Reynoldsburg. Tulikuwa tumekodi ukumbi wa parokia. Viti vilipangwa pande mbili zikitazamana, na mimi nilikuwa kati ya wasichana wa kugawa sahani. Bagula alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Buffalo, zaidi ya saa nane za barabarani, akiwa na jerikani la njano alilolifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria. Alilalamikia ndizi za Buffalo kwa kila aliyempita. "Ndizi za hapa hazina akili," alisema. "Unazikamua, zinakutazama."

Papa Gloire alivaa suti ya kahawia ambayo hakuwa ameivaa tangu msiba. Alikaa kiti cha katikati upande wetu, magoti yakiwa pamoja. Msemaji wa wakwe, mjomba wa kijana, alizungumza vizuri sana. Alisema wameona taa ikiwaka Louisville kutoka Ohio na wamekuja kuomba moto. Bagula alimjibu kwamba moto wa kwetu hauombwi mikono mitupu, na watu wakacheka, na vitu vikapokewa, na Gloire akaingia.

Alikuwa amefunga vitenge vya kijani, na alikuwa mzuri kiasi cha watu kunyamaza. Kibuyu alikishika kwa mikono miwili. Alipiga magoti mbele ya baba yake na kuelekeza mrija kwake.

Papa Gloire aliinama. Mdomo wake ulikuwa bado mbali na mrija, labda upana wa mkono, alipokoma. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni na sahani mkononi, na harufu ilinifikia hata pale, tamu na chachu, kama mkate na tunda lililoiva kupita kiasi. Haikuwa juisi. Nilimtazama Bagula. Alikuwa anatabasamu kwa kaka yake na kumwashiria kwa kichwa, endelea, endelea, kama unavyomtia moyo mtoto anayeogopa kuingia majini. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Jioni ile aliwaambia watu kwamba mtoto wa ukoo hawezi kutolewa kwa juisi, kwamba alikuwa amepika kile kile ambacho baba yao alivuta siku ya kumtoa dada yao, na kwamba mtu aliyekwisha kupona hadhuriwi na chakula cha nyumbani.

Papa Gloire alibaki ameinama muda mrefu. Kisha akakichukua kibuyu kutoka mikononi mwa binti yake, akakiweka sakafuni karibu na kiatu chake, kwa uangalifu, ili kisimwagike. Akakaa wima na kuweka mikono juu ya magoti.

Nadhani kila mtu ukumbini alingoja neno. Lilikuwapo neno moja, alikuwa amelisema kila Jumanne mbele ya watu kumi na wawili, na mimi nilikuwa nimelitafsiri. Hakulisema. Nami sikuwa na ruhusa ya kulisema, na hata kama ningekuwa nayo, sijawahi maishani mwangu kusema kitu mbele ya watu themanini.

Mjomba wa Paluku alisimama. "Baba," alisema kwa adabu, "kama tumekosea mahali, tuambie."

"Hamjakosea," alisema Bagula, akiinuka haraka. "Kaka yangu tumbo linamsumbua tangu jana. Na kwetu baba ni wengi, hamjui? Mi pia ni baba." Wachache walicheka. Aliinama, akaokota kibuyu, akamrudishia Gloire mikononi.

Gloire alikuwa bado magotini. Hakuinuka. Aligeuka vilevile, kwa magoti, kitenge kikijikunja chini yake, mpaka mgongo wake ukawa upande wa baba yake na uso upande wa Bagula. Bagula akavuta, akavuta sana, akafuta mdomo. Vigelegele vikalia. Kibuyu kikavuka kwenda kwa wakwe.

Nilimkuta Gloire jikoni baadaye, akipanga sahani zilizokwisha kupangwa. Baba yake aliingia nyuma yangu. Nilitaka kutoka, lakini alikuwa amesimama mlangoni na sikujua namna ya kumpita.

"Mama," alimwita. Anamwita binti yake hivyo tangu mdogo. "Mama, nisikie. Ile haikuwa juisi."

Gloire alijibu kwanza kwa Kiingereza, bila kugeuka, kwamba anajua. Kisha akageuka na kusema kwa Kiswahili, ili asikie vizuri.

"Najua haikuwa juisi. Mi njo niliitia kwenye kibuyu. Tonton Bagula aliniambia uko sawa sasa, ni kidogo tu, ni kwa heshima."

"Si kidogo kwangu."

"Papa, miaka saba ulikunywa. Miaka saba, na hakuna mwenye alikuomba. Mi nilikuwa nakuomba usikunywe, na ulikunywa. Leo nimekuomba mara moja. Nimepiga magoti. Mara moja, papa."

Mkono wa baba yake uliingia mfuko wa suti. Ilikuwamo sarafu ya miezi tisa, najua, kwa sababu alikuwa amepewa Jumanne ya wiki ile na tangu hapo hakuiacha nyumbani. Aliishika mle mfukoni. Hakuitoa.

"Na kama bado unaogopa kitone," alisema Gloire, "basi hujaacha kitu. Iko palepale. Umejifunza tu kuikimbia."

"Ndiyo," alisema baba yake. "Njo ivyo."

Nadhani Gloire hakulitarajia jibu hilo. Alibeba sahani, akatupita sote wawili.

Harusi ilikuwa Columbus, Jumamosi moja ya mwezi wa tisa. Papa Gloire alipata mwaliko kwa simu, ujumbe uleule tulioupata wote, wenye anwani ya kanisa na saa. Hakukuwa na neno juu ya nafasi yake. Alituchukua mimi na mama yangu kwa gari lake, na njia nzima alizungumza na mama kuhusu bei ya matairi. Kanisani Bagula alimshika Gloire mkono na kumwingiza, akiwa na suti ya kijivu na ua kifuani. Padri alipowaomba wazazi wa bibi harusi wasimame, Bagula na mkewe walisimama. Papa Gloire alikuwa benchi la tano. Alianza kuinuka. Niliona magoti yake yakijinyoosha, kisha akajifanya anavuta koti lake lililobanwa na kiti, na akakaa.

Ukumbini kila meza ilikuwa na chupa. Alitazama huku na huku, kisha akaenda kukaa kwenye meza ya watoto, ambako kulikuwa na soda peke yake. Msichana wa miaka saba hivi alimwambia kwa Kiingereza kwamba meza hii si ya wazee.

"Ni kweli," alimjibu kwa Kiswahili. "Lakini mi njo mkubwa wenu. Lazima mtu aangalie ninyi."

"Wewe ni nani?" mtoto mwingine aliuliza.

"Mgeni."

Alikula keki pamoja nao. Wakati wa zawadi alipanga foleni na wageni, akiwa amebeba kasha la sufuria alizozichagua mwenyewe, nzito, za chini nene. Gloire alizipokea, akasema, "Asante, papa," akampa mkono, na mkono uliofuata ukaja. Kibuyu kilikuwa kimehamisha nafasi ya baba kwenda kwa Bagula, na hakuna mtu ukumbini aliyeona ajabu. Bagula alikuja kumkumbatia na kumwambia, "Kaka, usinikasirikie, nilitaka kukusaidia." Papa Gloire alimwambia hakumkasirikia. Ninaamini ni kweli. Ingekuwa rahisi kwake kama angekuwa na mtu wa kumkasirikia.

Tulirudi Louisville Jumapili. Jumanne saa kumi na mbili tulikuwa katika chumba cha chini. Zamu yake ilipofika alisema jina lake la kwanza tu. Alikuwa amekwisha kujifunza. Akasema yeye ni mlevi. Akasema, "Samedi binti yangu ameolewa." Nilitafsiri, na kabla sijamaliza wale watu walikuwa wanapiga makofi, na Dale alimwinukia na kumpiga begani, na mwanamke mmoja akafuta macho. Nilisubiri aendelee. Hakuendelea. Aliwaacha wapige makofi mpaka wakatosheka, akashukuru kwa Kiingereza, na zamu ikapita kwa mwingine.

Wiki mbili baadaye alichukua ile sarafu ya shaba. Haikwenda Westerville. Iko juu ya televisheni yake, karibu na picha ya Cibalonza. Gloire hupiga simu kila mwezi. Wanaongea kuhusu hali ya hewa ya Ohio na ya Kentucky, ambazo hazitofautiani sana. Ana mimba, tumesikia kutoka Buffalo.

Katika muda huu wote sikuwahi kumuuliza kitu changu mwenyewe. Mkalimani hana neno lake, na mimi ni mtu wa kuogopa maswali hata nje ya chumba kile. Lakini kulikuwa na moja lililonisumbua tangu ukumbini. Jumanne moja mwezi uliopita, tulipokuwa tumemaliza kukunja viti na tumesimama kwenye maegesho akitafuta funguo zake, nilimuuliza.

"Papa Gloire, ule mrija ni wa mwanzi. Hakuna mtu angeona ndani. Mbona hukuugusa tu kwa midomo, ukajifanya umevuta ile kasiksi?"

Alipata funguo. Alifungua mlango wa upande wangu kwanza, kama anavyofanya siku zote.

"Kwa sababu nilikuwa naitaka," alisema.